Almasi nano kutoka kwa grafiti: mwongozo wa leza, maji na subira

Shemeji yangu aliposikia kwamba kazini tunatengeneza almasi, swali lake lilikuwa moja tu: "Sasa shemeji, mbona bado unapanda matatu ya Kawangware?" Nikamwambia almasi zenyewe zina upana wa nanometa tano hivi. Ukipanga 10,000 kwa mstari mmoja ndiyo unaanza kufikia unene wa unywele mwembamba. Zinatoka zikiwa zimechanganyika na masizi ndani ya maji, na kwa macho ni kama maji ya kuoshea sufuria ya makaa. Akasonya, akabadilisha mada.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi au fundi wa maabara ambaye tayari ana ruhusa ya kuingia kwenye chumba cha leza kubwa, na msimamizi anayejua leza hiyo. Si kazi ya jikoni wala ya karakana ya nyuma ya nyumba. Kama huna maabara, soma kwa faida ya kuelewa, kisha utafute idara ya fizikia itakayokupokea.

Nasema mapema jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa: kupiga grafiti kwa leza ni kazi ya asubuhi moja. Kuthibitisha kwamba ulichopata ni almasi, na kwamba imetoka kwenye leza yako, ndiyo kazi ya miezi.

Kinachotokea ndani ya maji

Grafiti na almasi zote ni kaboni. Mwingereza Smithson Tennant alilionyesha hilo mwaka 1797 kwa kuchoma almasi na kupima gesi iliyotoka. Kinachotofautisha ni mpangilio. Ndani ya grafiti, atomi zimejipanga kama sega la nyuki, tabaka juu ya tabaka, na kati ya tabaka na tabaka kuna nanometa 0.335. Tabaka hizo zinateleza, ndiyo maana penseli huandika. Ndani ya almasi kila atomi imeshikwa na wenzake wanne, pande zote, na hakuna cha kuteleza. Sentimita moja ya ujazo ya grafiti ina uzito wa gramu 2.26, ya almasi gramu 3.51. Kwa hiyo ukiibana kaboni vya kutosha huku ikiwa moto, inaelekea upande wa almasi. Tracy Hall alifanya hivyo mwaka 1954 akiwa General Electric, Marekani, kwa mashine kubwa ya kukandamiza.

Leza inafanya kazi hiyohiyo kwa namna ya fujo zaidi. Mpigo mmoja wa nanosekunde 10 ukitua juu ya grafiti iliyozama majini, ngozi ya juu ya grafiti inageuka plazma, yaani gesi yenye chaji za umeme, yenye joto la maelfu ya nyuzi. Nje ya maji plazma hiyo ingetawanyika bila kizuizi. Majini haina pa kukimbilia, kwa hiyo shinikizo linapanda hadi gigapaskali kadhaa. Gigapaskali moja ni karibu mara 10,000 ya shinikizo la hewa usawa wa bahari. Halafu maji yanapoza kila kitu ghafla, kama chuma chekundu cha mhunzi kinapotumbukizwa kwenye ndoo, na kaboni iliyokuwa imeshaanza kujipanga kama almasi inakosa muda wa kurudi kuwa grafiti. Njia hii ya grafiti, leza na maji ilielezwa na Yang Guowei na wenzake nchini Uchina mwaka 1998, na wengi wameirudia tangu hapo.

Leza gani

Inayotumika sana ni ya Nd:YAG, leza inayotumia fuwele, yenye mipigo mifupi, wimbi la nanometa 1064, au 532 ikiwa ina kioo cha kukata wimbi katikati. Maji hunyonya kiasi kidogo cha 1064, lakini 532 hupita karibu yote. Ubaya wa 532 ni kwamba maji yakishaanza kuwa meusi hutawanywa haraka zaidi. Mimi huanza na 1064 kwa sababu ina nguvu nyingi kabla ya kukatwa, na tabaka la maji ninaloliweka ni jembamba.

Tufanye hesabu, kwa sababu hapa ndipo watu hukosea. Leza yako itoe milijuli 150 kwa mpigo, mpigo wa nanosekunde 10. Gawanya: ni megawati 15. Mitambo yote ya upepo ya Ngong pamoja ina uwezo wa megawati 25.5. Lakini kwa mipigo 10 kila sekunde, wastani ni wati 1.5 tu, chini ya chaja ya simu. Nguvu hiyo kubwa iko pale kwa muda mfupi mno, na muda huo ndio tunaouhitaji. Sasa ikiwa doa la mwale juu ya grafiti lina kipenyo cha milimita moja, unapata juli 19 hivi kwa sentimita ya mraba, au karibu gigawati 2 kwa sentimita ya mraba. Hapo kazi inafanyika. Doa likiwa la milimita tatu, umegawanya kwa tisa, na utakuwa unachemsha maji tu.

Kila muhula kuna mwanafunzi anayeniuliza kuhusu zile leza za kuchonga vikombe vya tuzo na mihuri mjini. Hazifai. Nyingi ni za kaboni dioksidi, wimbi la mikrometa 10.6, na maji hulimeza wimbi hilo kabla halijapita hata unene wa unywele. Tena mwale wake hutiririka, haupigi. Zile za saluni za kufuta tatuu kweli ni Nd:YAG za mipigo, lakini nimeshafungua moja iliyoletwa ikiwa imeharibika, na sikuona ndani yake kinga yoyote ambayo ningeiamini na macho yangu.

Macho kwanza

Wimbi la 1064 halionekani. Mwale ukikupiga jichoni hutapepesa, kwa sababu hakuna mwanga ulioona wa kukufanya upepese, na lenzi ya jicho lako inaukusanya moja kwa moja kwenye retina. Wengine husema walisikia kitu kama "pop" ndani ya jicho, kisha doa jeusi ambalo haliondoki.

Kwa hiyo: miwani ya kinga iliyoandikwa wimbi lako waziwazi kwenye fremu, yenye kiwango cha kuzuia (OD) cha 7 au zaidi kwa wimbi hilo. Miwani ya kuchomelea haitoshi. Miwani ya 532 haikingi 1064, na ukitumia leza inayotoa yote mawili unahitaji miwani ya yote mawili. Vua saa, pete na bangili. Vyote ni vioo. Mwale usafiri chini ya usawa wa macho ya mtu aliyeketi, na usikae kwenye kiti kifupi chumba kikiwa kinafanya kazi. Uso wa maji nao hurudisha asilimia mbili hivi ya mwale. Asilimia mbili ya megawati 15 si kitu cha kuchezea, basi zungushia chombo ukuta wa bati lililopakwa rangi nyeusi isiyong'aa. Taa nyekundu juu ya mlango iwake, na mlango ufungwe.

Na stima. Ikipotea katikati ya kazi, kama inavyopotea, zima ufunguo wa leza mara moja. Usisubiri irudi. Kapasita za ndani hubaki na chaji hata mashine ikiwa imekufa kabisa, kwa hiyo usifungue kifuniko kutazama "kwa nini haiwaki".

Grafiti, na aibu yetu ya pasta

Chembe za penseli zina udongo. Kijiti cha katikati ya betri kubwa ya tochi ni cha kaboni, kinatosha kwa mazoezi ya kulenga, lakini kina gundi na uchafu wa betri. Vijiti vya kuchomelea vina ngozi ya shaba. Brashi za mota nyingi nazo zina shaba ndani. Kwa kazi ya kweli agiza kipande cha grafiti cha usafi wa asilimia 99.99, au ile ya matabaka yaliyopangika ambayo unaibandua kwa selotepu ukapata uso mpya kila mara.

Tulipoanza, tulikuwa na kipande kizuri kilichokwaruzika. Mwenzangu akakisugua mpaka kikang'aa kama kioo cha gari la harusi. Tukapiga leza saa moja, tukakausha tone, tukaenda kwenye mashine ya Raman, ile inayotambua kitu kwa jinsi kinavyotawanya mwanga. Ukatokea mstari, mwembamba, wima kama mlingoti, pale kwenye 1332 ya kipimo chake. Huo ndio mstari wa almasi. Nilimpigia simu msimamizi wetu nikiwa nimesimama.

"Daktari, tumepata!"

"Mmepata nini?"

"Almasi. Mstari uko 1332, mwembamba kabisa."

Kimya kidogo. "Mwembamba kiasi gani?"

Nikamsomea upana. Akauliza, kwa upole ulioniuma zaidi kuliko kama angefoka: "Hicho kipande mlikisugua na nini?"

Tulikisugua na pasta ya almasi, ile krimu ya kung'arishia yenye chembe za almasi ndani. Chupa ilikuwa mezani, imeandikwa hivyo.

Msimamizi alijua kwa sababu ya upana. Almasi yenye ukubwa wa mikrometa, kama ile ya pasta, hutoa mstari mwembamba. Almasi ya nanometa tano hutoa mstari mpana, umesogea kidogo chini ya 1332, tena umezama nusu ndani ya vilima vya kaboni nyingine. Mstari mzuri kupita kiasi ndio uliotuumbua.

Kwa hiyo sugua kwa karatasi ya msasa ya silikoni kabaidi, ile nyeusi ya kutumia na maji. Itaacha chembe zake, lakini chembe hizo zina mistari yake karibu na 796 na 972, mbali na ya almasi, huwezi kuzichanganya. Afadhali zaidi bandua kwa selotepu. Halafu kioshe kipande kwa ethanoli, kisha kwa maji safi.

Maji yenyewe

Tumia maji yaliyotoneshwa. Yale ya betri za magari yanayouzwa kwenye vituo vya petroli yanatosha kwa majaribio ya mwanzo. Hakikisha tu umechukua maji na si asidi, maana chupa hufanana. Maji ya bomba acha, na ya kisima acha kabisa. Visima vingi vya Nairobi vina floraidi na madini mengi, na ukikausha tone lake kwenye kioo unapata chumvi nyeupe ambayo itakuletea mistari ya bure kwenye eksirei.

Kuna wanaotumia asetoni au ethanoli na kupata matokeo mazuri. Mimi sikushauri uanzie hapo. Mvuke wa asetoni huwaka hata kwenye baridi ya chini ya sifuri, na wewe unapeleka cheche kumi kila sekunde juu yake.

Kupanga na kulenga

Weka leza ilale, na kioo cha nyuzi 45 kiugeuze mwale uelekee chini. Chini ya kioo iwepo lenzi inayokusanya mwale kwa umbali wa sentimita 10, na chini yake bika ndogo au kisahani cha kioo chenye grafiti sakafuni. Maji yaifunike grafiti kwa milimita tano hivi. Yakipungua sana yanaruka hadi kwenye lenzi, yakizidi unapoteza nguvu njiani.

Doa linapimwaje? Kuna karatasi maalumu ya bei ghali. Sisi tunatumia risiti ya supamaketi. Karatasi ile hugeuka nyeusi kwa joto, kwa hiyo punguza leza hadi kiwango cha chini, itie risiti ndani ya mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga ili vumbi lisirukie lenzi, iweke pale grafiti itakapokaa, upige mpigo mmoja. Pima doa kwa rula na kikuza. Pandisha au shusha lenzi hadi upate milimita moja. Mahali penyewe pa mwale kukutana pawe chini kidogo ya uso wa grafiti, kamwe si juu yake. Pakiwa juu, maji yenyewe yatapasuka kabla mwale haujafika. Utaona cheche ikielea katikati ya maji na grafiti imekaa tu, haijaguswa.

Ukilenga sawa utajua kwa sikio. Ni mlio mkavu, ta-ta-ta, kama mtu anayepiga meza kwa kucha, na cheche nyeupe yenye ubuluu imekaa juu ya jiwe. Mlio ukififia, sababu ni moja kati ya tatu: shimo limechimbika na doa limetoka kwenye lengo, mapovu yameganda njiani, au maji yameshakuwa meusi. Shimo linatibiwa kwa kusogeza chombo. Sisi tulikifunga chombo juu ya mota ndogo ya kununua barabara ya Luthuli, Nairobi, inayokizungusha polepole, na hatukupata shida hiyo tena. Mapovu yafukuze kwa kutikisa, leza ikiwa imezimwa. Maji meusi yamwage kwenye chupa yake uweke mengine.

Saa moja kwa mipigo 10 kila sekunde ni mipigo 36,000. Inatosha kwa siku ya kwanza. Acha leza ipate joto nusu saa kabla, la sivyo nishati yake itayumba na utakuwa hujui ulipiga kwa nguvu gani.

Kutenga

Acha chupa isimame usiku kucha. Vipande vikubwa vya grafiti vitazama, na kinachobaki kimeelea, chenye rangi ya chai ya rangi iliyokolea, ndicho unachokitaka. Kama kuna sentrifuji, mashine ya kuzungusha chupa kwa kasi, dakika chache zinatosha badala ya usiku. Kausha kwenye kipande cha silikoni au kauri. Hapa Nairobi maji huchemka karibu na nyuzi 95, kwa hiyo usiweke sahani ya moto kwenye 100 ukidhani uko salama chini ya mchemko. Yatarukaruka na sampuli yako. Sabini ni sawa.

Sehemu kubwa ya ulichokausha bado ni masizi na grafiti. Kuyaondoa kuna njia ya asidi kali zinazochemshwa, ambayo nawaachia wenye kabati la moshi na uzoefu, na kuna njia ya tanuri. Hewani, masizi huanza kuungua karibu na nyuzi 375, na almasi nano huvumilia hadi 450 hivi. Dirisha ni hilo tu. Sisi huweka tanuri 420, saa mbili, na kipimajoto cha pili ndani kabisa pembeni mwa sampuli, kwa sababu namba ya mlangoni ya tanuri yetu hudanganya kwa nyuzi 30. Mtu mmoja aliiamini namba ile. Alitoa kauri safi, nyeupe, haina kitu.

Sasa thibitisha

Anza na Raman, kwa sababu ni ya haraka. Grafiti ina kilima karibu na 1580. Kaboni iliyovurugika, ambayo utakuwa nayo tele, ina kilima kipana karibu na 1350, na hicho ndicho kinachodanganya watu, maana kiko jirani na 1332. Mbaya zaidi, ukitumia mwanga wa kijani, kaboni ya aina ya grafiti hupiga kelele mara 50 hivi kuliko almasi, na chembe zako zinaweza kuwepo zisisikike. Mwanga wa urujuanimno husaidia ukibahatika kuwa na mashine yake. Kilima kwenye 1350 peke yake kisikufanye upige simu.

Kisha eksirei, ile mashine inayopima nafasi kati ya tabaka za atomi. Mashine hizo zinasimamiwa kisheria na mamlaka ya udhibiti wa nyuklia, kwa hiyo atakupimia mtu mwenye kibali. Kwa eksirei inayotolewa na shaba, grafiti hutoa mstari mkubwa kwenye pembe ya nyuzi 26.5, na almasi kwenye 43.9. Angalia vizuri hapo: grafiti ina midogo yake kwenye 42.4 na 44.5, na chembe ndogo hutoa mistari mipana, kwa hiyo hivyo viwili vinaweza kuungana na kukuchorea almasi ya uongo katikati. Linganisha kila mara na grafiti ile ile ambayo haijapigwa leza.

Hadubini ya elektroni ndiyo hakimu. Mistari ya almasi ikae umbali wa nanometa 0.206. Ikiwa hadubini ina kifaa cha kupima nishati ambayo elektroni hupoteza, omba wakuangalizie karibu na elektronivolti 285. Grafiti ina kilele hapo. Almasi haina, yake inaanzia kama 289. Kutokuwepo kwa kilele hicho kwenye chembe yenye nafasi ya 0.206 ni ushahidi ambao hata yule msimamizi wetu aliukubali, ingawa alirudia kusoma mara mbili.

Pamoja na sampuli yako, peleka nyingine tatu kwenye kila kipimo: grafiti iliyolowekwa maji yaleyale kwa saa ileile bila leza, maji matupu yaliyokaushwa, na kipande cha silikoni kilichopigwa leza kwenye chombo kilekile. Almasi ikitokea kwenye mojawapo ya hizo tatu, tafuta chupa ya pasta mezani.

Hifadhi nusu ya maji meusi bila kuyapitisha kwenye tanuri, maana utaulizwa yalikuwaje kabla. Andika kwenye chupa tarehe, nishati, upana wa doa, idadi ya mipigo na jinsi grafiti ilivyosuguliwa. Masizi yanayobaki usiyamwage kwenye sinki wala usiyaache yakauke mezani yakapeperuka. Yakusanye kwenye chupa ya taka yenye kifuniko, na uvae barakoa ukikwangua kauri.